Neno ‘Get’ na Kosa Letu Walimu

Leo naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya neno dogo la Kiingereza lenye herufi tatu tu, nalo ni ‘get’. Najua wengine watacheka na kusema, Je, mwalimu huyu amekosa jambo kubwa la kuandika? Nawaomba wanivumilie. Wazee wetu walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Neno hili limewapotezea vijana wetu miaka ya masomo, na lilimpotezea mjane mmoja mbuzi wake, nami nilikuwa na sehemu katika hasara hiyo.

Habari yenyewe ni hii. Zamani, kabla simu za mkononi hazijafika kijijini kwetu, mjane mmoja jirani yangu alikuwa na mwanawe afanyaye kazi mbali. Kijana yule aliugua homa kali, na mama yake akakaa majuma mengi bila habari. Kisha ikaja barua kutoka kwa mgeni mmoja aliyemwuguza, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Siku ile mimi sikuwapo. Mama akamwita mwanafunzi wangu mmoja, wa kwanza katika darasa lake, amsomee. Katika barua mlikuwa na maneno haya: ‘He has got over the fever and is getting about again.’ Mtoto akasimama wima kama nilivyomfundisha, akatafsiri neno kwa neno: ‘Amepata homa zaidi, na sasa anaipata tena.’ Alijua kwamba ‘over’ ni juu au zaidi, na ‘again’ ni tena. ‘About’ hakulielewa, akaliruka. Na ‘get’, bila shaka yo yote, ni kupata.

Mama akalia, majirani wakaja kumfariji. Alfajiri akamwuza mbuzi wake wa pekee kwa nusu ya bei ili apate nauli, akasafiri siku mbili. Alipofika akamkuta mwanawe uani, anafua nguo zake, mzima kabisa. Maana barua ilisema, ‘Homa imemtoka, naye ameanza tena kutembea.’

Mama yule alimshukuru Mungu, wala hakumdai mtu mbuzi wake. Lakini mimi niliporudi na kusikia habari, nilimwita mtoto nimkaripie. Akaleta daftari yake, akafunua ukurasa, na hapo kwa mwandiko safi nikasoma: ‘Get, kupata.’ Alikuwa ameyanakili maneno hayo kutoka ubaoni, na mwandiko wa ubaoni ulikuwa wangu. Sikuwa na neno la kumwambia.

Basi nasema wazi, tena nasema kwanza juu ya nafsi yangu: desturi yetu ya kuandika ubaoni neno moja la Kiingereza na kando yake neno moja la Kiswahili, kisha kuwaimbisha watoto orodha hiyo mpaka waishike, ni desturi mbaya, na yafaa tuiache. Twasema kwamba watoto wetu ni wazito wa Kiingereza. Si kweli. Mtoto yule alikumbuka kila kitu nilichomfundisha, na ndicho kilichompoteza.

Tazameni siku moja ya mtu wa kawaida, kama Waingereza waisimuliavyo. Asubuhi ‘he gets up’, yaani aamka. ‘He gets dressed’, avaa nguo. ‘He gets on the bus’, apanda basi. ‘He gets off’, ashuka. Njiani mvua yanyesha, ‘he gets wet’, alowa. ‘He gets to work’, afika kazini. Mwenzake amchezea, ‘he gets angry’, akasirika, amwambia ‘Get out!’, yaani Toka! Jioni ‘it gets dark’, giza laingia. Na mtu huyo akiisha kuishi hivi miaka mingi, watu husema ‘he is getting on’, yaani anazeeka. Hesabuni: hayo ni mambo kumi, na katika hayo yote ‘kupata’ hakukuingia hata mara moja. Mtoto aliyeshika orodha yetu atamwona mtu huyu akipata juu, akipata mvua, akipata giza, wala hatajua kama ameamka au amelala.

Wala msidhani kwamba ‘get’ ni neno la ajabu peke yake. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kutoka sehemu kwa sehemu mwaka 1884, ikakamilika mwaka 1928. James Murray, mhariri wake mashuhuri, alikufa mwaka 1915 bila kuuona mwisho wake. Siku zetu hizi kamusi hiyo inatengenezwa upya, na mtunga kamusi mmoja, Peter Gilliver, alifanya kazi miezi tisa juu ya kitenzi kimoja tu, ‘run’, ambacho sisi ubaoni twakiandika ‘kukimbia’ na kupita. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba amekwisha kutenga maana 645. Mtaalamu katika lugha yake mwenyewe ashinda miezi tisa juu ya neno moja, na sisi twalimaliza kwa dakika moja na kipande cha chaki!

Neno ‘get’ lina asili yake. Lilifika Uingereza pamoja na watu wa Kaskazini, wa Norwei na Denimaki, walioanza kuishambulia nchi ile mwishoni mwa karne ya 8, na baadaye wengi wao wakakaa humo. Katika lugha yao neno ‘geta’ lilikuwa na maana ya kupata. Waingereza walikuwa nalo ndugu yake, lakini limefichwa ndani ya maneno mengine: ‘forget’, kusahau, ambalo asili yake ni kukiachia kitu ulichokishika, na ‘beget’, ndilo kuzaa. Kisha neno la wageni likaenea. Mtu aliyepata kitu, amekifikia. Basi likachukua maana ya kufika mahali. Na kama mtu aweza kufika mahali, aweza pia kuifikia hali, awe mzee, awe mgonjwa, awe na hasira. Basi likachukua maana ya kuwa. Hivyo maana hizi hazikutupwa ovyo kama nafaka njiani. Moja ilimzaa mwenzake.

Sisi Wakristo tuna ushahidi karibu. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, kitabu cha Mwanzo mlango wa 4, Hawa ampatapo Kaini asema kwa neno hili kwamba amepata mtu. Katika mlango wa 12 wa kitabu kile kile, Mungu amwamuru Abramu aondoke katika nchi yake, na neno ni lilo hilo. Na katika Mathayo mlango wa 16, Bwana wetu amkemea Petro na kumwambia Shetani aende nyuma yake, tena kwa ‘get’. Walioifasiri Biblia kwa Kiswahili waliandika ‘kupata’ mahali pa kwanza tu, wala si katika hapo pawili pengine. Wangaliifuata desturi yetu ya ubaoni, Abramu angalikuwa Harani hata leo, akiuliza ni kitu gani alichoagizwa akipate.

Sasa nifike penye jambo langu kuu. Walimu wengi wakiisha kuona wingi wa maana hizi hukata tamaa, husema, ‘Haya ni mambo ya kushika kwa moyo tu, hayana kanuni.’ Mimi nasema yana kanuni, tena kanuni hiyo mtoto wetu anayo nyumbani kwake. Sehemu kubwa ya kazi ifanywayo na ‘get’ katika Kiingereza, kwetu hufanywa na mkia wa kitenzi.

Angalieni. Waingereza husema ‘the cup got broken’; sisi twasema kikombe kilivunjika. Wao wameongeza neno, sisi tumeongeza mkia, lakini kazi ni moja: kutaja jambo lililotokea bila kumtaja aliyelitenda. Ndivyo ilivyo kuchafuka, kukasirika na kuchanika. Husema ‘he got bitten by a dog’. Sisi twasema aliumwa na mbwa, kwa kauli ya kutendwa. Husema ‘get the fire burning’. Sisi twasema washa moto, maana kuwaka kumegeuka kuwa kuwasha. Husema ‘get the child to laugh’. Sisi twasema mchekeshe mtoto, kwa kauli ya kutendesha. Husema ‘they got to know each other’. Sisi twasema walijuana, na neno moja limetosha.

Tena pana mahali ambapo lugha yetu yaona zaidi. Waingereza husema ‘get married’ kwa mwanamume na kwa mwanamke sawasawa. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wawili wakitajwa pamoja huoana. Mtoto akiandikiwa ‘get married, kuoa’, ataandika katika mtihani wake kwamba dada yake ameoa, na darasa lote litacheka. Lakini kicheko hicho kingemfaa mwalimu.

Ni nani asiyemjua mtoto wa miaka mitatu aliyeangusha kikombe cha mama yake? Akiulizwa hasemi ‘nimekivunja’. Asema ‘kimevunjika’. Hakufundishwa sarufi na mtu, lakini ajua kabisa tofauti ya kauli hizi mbili, na ajua faida yake! Mtoto huyo akifika darasani yuko tayari kuelewa ‘it got broken’ kwa nusu saa, kama mwalimu akimwambia, ‘Hiki ndicho ulichokisema ulipoangusha kikombe.’ Badala yake twamwambia, ‘Get ni kupata, nyamaza, andika.’ Ufunguo alikuja nao mfukoni, nasi tumemnyang’anya mlangoni.

Sasa nawajibu wenye kupinga, maana nimewasikia katika mikutano yetu.

Wa kwanza husema, ‘Kiswahili ni lugha maskini. Tazama neno piga: kupiga pasi, kupiga picha, kupiga magoti, kupiga kura, kupiga kelele. Neno moja kwa kila kitu!’ Ndugu yangu, ukiona ‘get’ katika mambo kumi wasema Kiingereza ni bahari. Ukiona ‘piga’ katika mambo matano wasema Kiswahili ni kisima kikavu. Hiyo ni mizani ya namna mbili, nayo kitabu cha Mithali chaikataza. Kila lugha ina maneno machache ya kazi nyingi, kama kila nyumba ilivyo na kisu kimoja cha kumenya, kukata na kuchongea.

Na hilo neno ‘kupata’ lenyewe, je, lina maana moja? Kisu kikiwa kikali twasema kinapata, na kikiwa butu hakipati. Msiba humpata mtu, wala si mtu aupataye. Mtu aliyekisia vema huambiwa, Umepata! Watu wakikaribia mia twasema wapata mia. Twasema sijapata kumwona, yaani sijamwona kamwe. Na yule mjane alimwuza mbuzi ili apate nauli. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili kwa orodha, akisikia ‘kisu hiki kinapata’, atauliza kisu kinapata nini, nasi tutamcheka. Tukimcheka, tukumbuke kwamba ndivyo tunavyowafanya watoto wetu. Mithali yetu yasema, Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Nami naona mithali hii yawafaa sana watoto walioshindwa mtihani kwa kosa la orodha.

Wa pili husema, ‘Mtoto aanze na maneno machache yaliyo rahisi, mengine yatafuata.’ Shauri hili lilijaribiwa na mtu mwenye akili kuliko sisi. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza cha maneno 850 tu, ambacho alikusudia kitumiwe na mataifa yote. Vitenzi vyake vilikuwa 18, na ‘get’ ni kimoja chao. Jambo hili lilisifiwa sana. Hata Winston Churchill alilisifu katika hotuba yake huko Harvard, Marekani, mwaka 1943, na mwaka 1949 Biblia nzima ilitolewa kwa Kiingereza hicho, baada ya kuongezwa maneno hata yakatimia 1000. Lakini ugumu haukuondoka, ulihamishwa tu. Aliyeondolewa neno moja la kuamka, na la kupanda, na la kupona, alilazimika kujifunza ‘get up’, na ‘get on’, na ‘get over’. Orodha ilikuwa fupi, mzigo ulikuwa ule ule. Neno fupi si neno rahisi. Kwa mgeni, neno refu lenye maana moja huwa rahisi kuliko neno fupi lenye maana mia.

Wa tatu husema, ‘Katika saa ya Kiingereza Kiswahili kisisikike kabisa.’ Na shule nyingine humwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake. Mimi sipingi kwamba Kiingereza hujifunzwa kwa kukisema sana, nakubali kabisa. Lakini mwalimu aliyekataza Kiswahili kwa mdomo, kisha akaandika ‘get, kupata’ ubaoni, hakukikataza Kiswahili. Amekileta kwa mlango wa nyuma, tena amekileta kibovu. Ikiwa Kiswahili kitaingia, na kiingie kwa uzuri wake, chenye mikia yake yote.

Wa nne husema, ‘Mtihani wataka maneno, wala hatuna wakati.’ Hili ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu mwalimu hupimwa kwa mtihani. Lakini fikirini. Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, naye afikapo sekondari husomeshwa kwa Kiingereza. Siku ile ya kwanza akifungua kitabu cha maarifa ya viumbe au cha jiografia, hatakuta orodha ndani yake. Atakuta sentensi. Atasoma kwamba maji ‘gets hot’, kwamba chuma ‘gets rusty’, na mwalimu wake hatakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Saa tulizoziweka akiba kwa kuimba orodha, mtoto atazilipa miaka minne, na wengine hawamalizi kulipa. Huacha shule, wakajiita wajinga mpaka kufa kwao. Jambo hili ndilo linaloniuma hata nikaandika.

Nashauri nini basi? Kwanza, neno lisiandikwe ubaoni peke yake. Liandikwe ndani ya sentensi nzima, lenye mtu na tendo na mahali. Pili, mtoto aulizwe, ‘Jambo hili kwenu nyumbani mwalisemaje?’ Asiulizwe neno, aulizwe jambo. Tatu, sentensi za namna moja ziwekwe pamoja: leo zile za kuvunjika na kulowa, kesho zile za kuumwa na kupigwa, kesho kutwa zile za kuwasha na kuchekesha, kisha zile za kwenda, kupanda na kushuka. Sentensi tatu kwa siku zatosha. Nne, kila mwalimu awe na daftari yake mwenyewe aandikamo kila ‘get’ mpya akutanayo nayo katika kusoma, pamoja na maana yake mahali pale. Mimi nimeianza yangu, na kila mwezi hunionyesha jambo ambalo nilidhani nalijua.

Nanyi wazazi, nina neno kwenu pia. Mtoto akirudi nyumbani, mara nyingi mwamwuliza mbele ya wageni, ‘Haya, kiti kwa Kiingereza ni nini? Na kupata ni nini?’ Akijibu upesi mwafurahi. Namsifu mtoto, lakini msiridhike na hayo. Mpeni kitabu, mwambieni, ‘Tusomee mstari mmoja, kisha utuambie habari yake kama unavyotusimulia habari za kisimani.’ Akishindwa, msimpige wala msimcheke. Njoni kwetu walimu, mtuulize sisi.

Nikiwa karibu na kumaliza, nasema tena kwamba sikichukii Kiingereza, wala sisemi kijifunzwe kidogo. Nataka kijifunzwe kweli. Lugha ya watu ni nyumba yao. Haifai kuingia humo kwa kuvunja dirisha, tukachukua neno moja moja kama wezi, kisha tukajisifu kwamba tumetajirika.

Yule mjane nilimlipa mbuzi wake, kidogo kidogo, mpaka ikatimia bei yake. Alikataa kwanza, nikamsihi, akapokea. Deni la watoto niliowaimbisha orodha miaka ile sijui nitalilipaje, ila kwa kuwafundisha vema hawa nilio nao sasa. Nanyi walimu wenzangu, kama ubaoni kwenu leo pameandikwa ‘get, kupata’, tafadhali futeni kabla kengele haijalia.

Wasalaam.
Mimi mwalimu mwenzenu.